Vumbi na Maji

Mama anayenyunyizia maji sakafu ya udongo kabla ya kufagia huenda hajasoma fizikia, lakini anaitumia kila asubuhi. Wiki hii, ndugu msomaji, nataka tuitazame kazi ya maji hayo, maana inahusu mapafu yetu.

Chembe ikigonga kitu kigumu na kikavu, hudunda. Ikigonga kitu chenye utando wa maji, hulazimika kwanza kuyasukuma maji hayo, na kasi yake huishia humo. Ikitaka kutoka, maji huivuta isibanduke. Utando ukiwa mnene au mzito kama uji, chembe hushindwa kabisa. Ila chembe kubwa yenye mwendo mkali, ikikuta utando mwembamba, huweza kuupenya ikadunda.

Pua nayo hufanya kazi hivyo hivyo. Hewa ikipinda kona ndani ya pua, chembe kubwa hushindwa kupinda nayo. Hugonga ute zikanasa, kisha vinyweleo vidogo huusukuma ute huo hadi kooni. Anayepumua kwa mdomo hulikosa chujio hilo. Lakini vumbi jembamba sana, la chini ya sehemu 5 za elfu ya milimita, hupinda pamoja na hewa na kuweza kufika ndani kabisa ya mapafu.

Sasa twende Kamsamba, mkoani Songwe, katika bonde la Ziwa Rukwa, ambako hulimwa mpunga. Kijana anayemimina magunia kwenye mashine ya kukoboa hutoka amepauka kwa vumbi la pumba. Kwake ile mbinu ya mama ina mpaka: huwezi kuulowanisha mpunga, utaota ukungu. Khanga aliyojifunga puani huzuia vumbi kubwa. Lile jembamba hupita.

Kwa hiyo nasema, mwenye mashine aelekeze bomba la pumba nje, mbali na watu, aache milango wazi, na awape vijana barakoa za vumbi zinazobana vizuri usoni. Magunia yakishaondolewa, ndipo sakafu inyunyiziwe maji, kisha ifagiliwe.

Gharama hiyo ni ndogo. Sisi wa mjini tunausifu wali wa bondeni kwa utamu wake. Tukumbuke pia kifua cha aliyeukoboa.