Una masaa mawili Singida mjini? Zunguka maziwa mawili kwa bajaji

Kila siku mabasi ya Dar es Salaam, Dodoma, Arusha na Mwanza yanapita Singida. Abiria wengi wanashuka stendi ya Misuna, wananunua maji, labda chupa ya asali au dumu dogo la mafuta ya alizeti, halafu wanarudi kwenye siti zao. Wanaondoka bila kujua kwamba mji huu umekaa katikati ya maziwa mawili ya chumvi: Singidani upande wa kaskazini na Kindai upande wa kusini. Yote mawili yako karibu kabisa na mitaa ya mjini.

Kama unalala Singida usiku mmoja, umekuja msibani, kikazi au unasubiri basi la mchana, masaa mawili yanatosha kuyaona. Huhitaji gari la watalii. Unahitaji bajaji, dereva anayeujua mji wake, na makubaliano mazuri kabla ya kupanda. Hapo kwenye makubaliano ndipo wengi wanapokwama, na hapo ndipo safari inapoharibika.

Kwa nini bajaji na sio baiskeli?

Kwenye miji mingi ya pwani duniani, mgeni huzungushwa kwa baiskeli ya matairi matatu. Penang na Melaka kule Malaysia zipo, Vietnam zipo pia. Asili yake ni riksho ya kukokotwa na mtu kwa miguu, iliyoanza Japan kwenye miaka ya 1860 mwishoni. Baadaye zikafungwa pedali.

Huku kwetu baiskeli ya abiria ilikuwa na kiti kimoja cha nyuma. Ndiyo bodaboda ya kwanza, iliyovusha watu mpaka wa Kenya na Uganda kabla pikipiki hazijachukua jina hilo. Matairi matatu tuliyapata kwa injini, kutoka India, na jina la kiwanda cha Bajaj likawa jina la chombo chenyewe. Mombasa wanakiita tuktuk, na wageni wanakikodi kwenda Fort Jesus na Mji wa Kale.

Pedali inafaa sehemu tambarare. Mtu wa kawaida akinyonga baiskeli kwa muda mrefu anatoa nguvu ya kama wati 100 tu. Mpandishie abiria wawili, muweke kwenye mwinuko wa Singida ambako mji uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, halafu upepo wa kiangazi umpige usoni. Hafiki. Bajaji inafika, inapita njia nyembamba, na kwa sababu iko wazi pembeni unaona kila kitu na unamsikia dereva akiongea.

Kubaliana mambo matano kabla ya kupanda

Dereva wa bajaji amezoea kazi ya kukuchukua hapa na kukushusha pale. Ukimwambia "nizungushe mjini", kila mmoja wenu ana picha yake kichwani. Wewe unawaza masaa mawili, yeye anawaza dakika 20. Mkifika mwisho, ugomvi.

Malizeni haya mapema:

1. Muda. Sema wazi: saa moja, saa moja na nusu, au masaa mawili. Angalieni saa wote wawili mnapoanza.

2. Vituo. Vitaje kwa majina. Mfano: soko kuu, uwanja wa Liti, ufukwe wa Singidani, kwenye mawe, Kindai, halafu kurudi ulipoanzia.

3. Kusubiri. Uliza kama bei inahusisha muda ambao wewe umeshuka unapiga picha na yeye amekaa. Hili ndilo linasahaulika zaidi.

4. Bei ya chombo kizima. Sema kwamba umekodi, haongezi abiria njiani. Kama mko watatu, bei ni moja, sio mara tatu.

5. Malipo. Taslimu au kwa simu? Kama ni kwa simu, makato ya kutoa analipa nani?

Maneno yenyewe hayahitaji kuwa makali. "Kaka, habari za kazi. Mimi mgeni. Nataka unizungushe maziwa yote mawili, saa moja na nusu, na utanisubiri nikishuka. Jumla utanifanyia shilingi ngapi?" Sentensi hiyo moja imebeba karibu kila kitu. Akitaja bei, unaweza kupunguziwa, lakini jua kwanza hesabu yake ikoje.

Hesabu ya dereva

Madereva wengi chombo sio chao. Kuna tajiri anayesubiri hesabu ya siku, au kuna mkataba ambao dereva analipa kidogo kidogo mpaka bajaji iwe yake. Mafuta anaweka mwenyewe. Kinachobaki ndio chakula cha nyumbani.

Chukua namba za mfano tu, sio bei ya Singida. Tuseme safari fupi ya kukodi ni shilingi 3,000 na kwa saa nzuri anapata nne. Hiyo ni shilingi 12,000 kwa saa. Wewe ukimwambia akuzungushe masaa mawili kwa shilingi 10,000, amepoteza, hata kama kwako inaonekana ni hela nyingi. Lakini saa mbaya zipo pia, za mchana wa jua kali ambapo kijiweni hakuna abiria kabisa. Saa hizo safari yako ni neema kwake, na ndizo saa ambazo bei inapungua bila mtu kuumia.

Kwa hiyo usilinganishe bei yake na nauli ya kituo kimoja. Ilinganishe na kile ambacho angepata kwa muda huo huo.

Njia yenyewe: nini cha kuangalia

Soko kuu. Anzia hapa ukiwa bado una nguvu. Singida inajulikana nchi nzima kwa alizeti, asali, vitunguu na kuku wa kienyeji, na vyote vinauzwa wazi. Mwombe dereva akuonyeshe anakonunua yeye. Asali nunua mwisho wa safari, usizunguke nayo kwenye jua.

Uwanja wa Liti. Wapenzi wa soka wanaukumbuka kwa jina la zamani, Namfua. Jina la sasa linamkumbusha Liti, mwanamke wa Kinyaturu ambaye masimulizi ya wenyeji yanasema aliongoza watu wake kuwapinga Wajerumani, na kwamba silaha yake kubwa ilikuwa nyuki. Usisome bango tu upite. Muulize dereva yeye alisimuliwaje na wazee. Ukimuuliza mwingine kesho unaweza kusikia hadithi tofauti kidogo, na ndivyo masimulizi yalivyo.

Ziwa Singidani. Hapa shuka, tembea. Watu wanashangaa kuambiwa maji haya ni ya chumvi wakati bahari iko mbali mamia ya kilomita. Sababu ni rahisi. Mvua inaleta maji kutoka kwenye miinuko, na maji yanabeba chumvichumvi kidogo ya kwenye miamba na udongo. Yakifika ziwani hayana pa kutokea, hakuna mto unaoyatoa. Jua na upepo vinayakausha, chumvi inabaki. Miaka nenda miaka rudi, imejilimbikiza. Wakati wa kiangazi unaweza kuona utando mweupe pembeni. Hiyo ndiyo chumvi na magadi.

Ndege je? Flamingo, au heroe kwa Kiswahili, hufika kwenye maziwa ya aina hii kwa sababu wanakula viumbe vidogo vya kijani vinavyoota kwenye maji ya magadi. Wanahama hama kufuata chakula na kina cha maji. Leo wapo wengi, wiki ijayo hamna. Kwa hiyo dereva akikuahidi flamingo kwa asilimia mia, huyo anauza maneno. Dereva mzuri atakwambia juzi aliwaona wapi.

Mawe. Singida bila mawe sio Singida. Yamepandana kama mtu alikuja kuyapanga, mengine yamesimama juu ya mwenzake kwa ncha ndogo tu. Hakuna aliyeyapanga. Ni miamba migumu ya matale ambayo ni sehemu ya moyo wa zamani kabisa wa ardhi ya Tanzania, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwamba ulipasuka kwa nyufa ukiwa bado chini ya udongo, maji yakapenya kwenye nyufa na kuzila kona. Baadaye mvua na upepo vikaondoa udongo, na yale magumu yakabaki juu yakiwa yamezunguka kama viazi.

Ziwa Kindai. Malizia hapa. Ukishaona Singidani, Kindai linakusaidia kulinganisha: rangi ya maji, upana wa ufukwe, ndege waliopo. Ukifika jioni, upepo ukiwa umetulia, utaelewa kwa nini wenyeji wanakuja kukaa tu.

Wakati gani ni mzuri?

Asubuhi kati ya saa 12:30 na saa 3:00, au jioni kuanzia saa 10:00. Mchana jua linaakisi kwenye maji, macho yanauma na picha hazitoki. Kumbuka jioni jua likishazama giza linaingia haraka, kwa hiyo panga uwe umesharudi mjini.

Kwa msimu, Singida ina masika moja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Kipindi hicho maziwa yamejaa na mashamba ni ya kijani. Alizeti ikichanua, pembezoni mwa mji panakuwa njano. Lakini njia za kushuka ufukweni zinaweza kuwa na tope. Kuanzia Juni kuna ukavu na upepo mkali: beba sweta ya asubuhi na kitambaa cha vumbi.

Usalama, usipuuze

Bajaji inabeba abiria watatu, wakae nyuma. Mtu akikaa pembeni ya dereva anambana usukani. Kabla ya kuondoka piga picha namba ya usajili na umtumie ndugu au rafiki. Inasaidia kwa usalama na hata ukisahau simu au begi.

Ufukweni usikanyage tope linalong'aa hata kama juu limekauka. Gamba lake ni jembamba, chini ni laini, mguu unazama. Maji ya hapo sio ya kunywa. Kwenye mawe usipande ukiwa na kandambili, na usipande kabisa baada ya mvua. Watoto washikwe mkono.

Watu sio mandhari. Ukitaka kumpiga picha mvuvi au mama anayeuza vitunguu, msalimie kwanza, omba. Akikataa, shukuru uendelee.

Kwa madereva wanaosoma hii

Kama umeona wageni wanaanza kukutafuta, una biashara mkononi. Andika kwenye simu vituo vyako vitano, bei ya saa moja na ya masaa mawili, na utume hivyo hivyo kwa kila anayeuliza. Mteja akiona bei haibadiliki kwa kuangalia sura yake, anakuamini na anatuma namba yako kwa wenzake.

Jifunze hadithi mbili tatu vizuri kuliko kumi nusu nusu. Kitu usichokijua, sema "hilo silijui". Hakuna mgeni aliyewahi kudai hela yake irudi kwa sababu ya jibu hilo. Na ukitaka kuifanya iwe kazi ya kudumu, nenda ofisi ya utalii ya halmashauri ukaulize kuhusu leseni. Kubeba abiria kuna kibali chake, na kuongoza watalii kama biashara kuna taratibu zake chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008.

Ziwa lisilo na pa kutokea

Jambo la mwisho linatokana na ile sababu ya chumvi. Ziwa lisilo na mto wa kutoa maji halitoi chumvi, na pia halitoi chupa ya plastiki. Unachokitupa ufukweni leo, mvua ikinyesha kinaingia majini, na hakuna kwa kwenda tena. Kwenye maji haya kuna perege wanaovumilia chumvi, aina ambayo inaishi kwenye maziwa machache ya namna hii kama Manyara, Eyasi na Kitangiri. Wavuvi wanawategemea, na ndege wanategemea maji hayo hayo.

Kwa hiyo chupa yako rudi nayo kwenye bajaji. Dereva atakushangaa mara ya kwanza. Mwambie tu kwamba siku ziwa likichafuka hakuna mgeni atakayemkodi kwenda kuangalia takataka, na hiyo itakuwa hela yake imezama.

Mkifika mwisho, angalieni saa, lipa mlichokubaliana, na kama alikusimulia vizuri muongezee ya soda. Halafu chukua namba yake. Mwenzako atakayepita Singida wiki ijayo ataihitaji.