Bingwa kwa Gramu Mia

Agosti 2022, katika uwanja wa Alexander hapa Perry Barr, Birmingham, Ferdinand Omanyala alishinda mita 100 kwa sekunde 10.02. Kabla yake, Mkenya wa mwisho kuitwaa dhahabu hiyo ya Michezo ya Jumuiya ya Madola alikuwa Seraphino Antao wa Mombasa, mwaka 1962, mbio hizo zilipokuwa za yadi 100. Siku moja tu kabla ya ushindi wa Omanyala, Jacob Kiplimo wa Uganda alikuwa ameweka rekodi ya michezo hiyo katika mita 10,000.

Vyakula navyo vina rekodi zao, zimechapwa nyuma ya pakiti katika kila duka la mtaa huu. Ila hupimwa kwa gramu 100, na hapo ndipo ubingwa wa uongo unapopenya.

Chukua madini ya chuma. Kwenye jedwali, bizari nyembamba humgaragaza ng'ombe: miligramu 66 hivi kwa gramu 100, wakati nyama yake huwa na 2 au 3. Lakini nani hula gramu 100 za bizari? Kijiko cha chai ni gramu 2, nacho kinaingia kwenye sufuria la pilau la watu sita. Kila mmoja anaondoka na robo ya miligramu, ilhali mwanamke wa umri wa kuzaa anashauriwa hapa Uingereza apate 14.8 kwa siku. Maharage, yasiyovaa medali yoyote, yanamfaa zaidi kwa sababu anakula bakuli zima. Asiyateremshe kwa chai tu, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini.

Kwa kalori, mafuta ya kupikia hayana mpinzani: 900 kwa gramu 100, na hakuna chakula kinachoweza kupita hapo. Kijiko kikubwa kimoja ni kama 120.

Rekodi inayotuuma watu wa pwani ni ya mafuta yale yanayoganda kwenye baridi, ya aina inayopandisha kolesteroli. Pakiti za Uingereza hupakwa rangi nyekundu yakizidi gramu 5 kwa 100. Mafuta ya nazi yana zaidi ya 80. Samli iko nyuma, na mawese ya ndugu zetu Wakongo yako karibu nusu, ingawa mawese mekundu ni miongoni mwa vinara wa mimea kwa viini vya vitamini A. Chakula kimoja, medali na kadi nyekundu kwa pamoja! Mimi tui siliachi, nalipunguza.

Kwa vitamini C, pera linalipiga chungwa mara nne hivi. Basi.

Sukari ina kisa kirefu zaidi. Kopo la mililita 330 la kola ya kawaida lina gramu 35, na mtu mzima anashauriwa asizidishe 30 kwa siku nzima. Tangu Aprili 2018 soda zenye gramu 5 au zaidi kwa mililita 100 zinatozwa kodi hapa, na watengenezaji wengi wakapunguza sukari kabla hata kodi haijaanza.

Lakini tazama wakimbiaji wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji hodari wa Kenya ulikuta asilimia 76.5 ya nguvu yao inatokana na wanga, ugali ukiwemo, na kwamba kwa siku walikunywa karibu lita moja na robo ya chai ya maziwa yenye sukari. Nyama ilikuwa kidogo. Anayeketi kwenye basi la kwenda mjini akinywa chai hiyohiyo hana kilomita za kuichomea.

Bingwa wa vitamini A ni ini. Anastahili, na kwa kuwa vitamini A ikizidi humdhuru mtoto tumboni, wajawazito huku wanaambiwa wasiliguse kabisa.