Kamba barabarani: karnavali ya Karibea imegeuka soko, na sikukuu zetu je?

SHASHA, Masisi – Kila anayesafiri kati ya Sake na Minova anajua maana ya kamba. Inavutwa kutoka upande mmoja wa barabara hadi upande wa pili, inafungwa kwenye kijiti, na kando yake mtu amekaa chini ya turubai. Mwenye pikipiki anasimama. Mama mwenye gunia la muhogo anasimama. Kijana anayesukuma chukudu naye anasimama. Ukilipa, kamba inashuka. Usipolipa, unabaki palepale.

Kamba ya namna hiyo iko pia mahali ambapo wengi wetu tunapaona kwenye simu tu: Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad na Tobago, katika bahari ya Karibea. Kila mwaka, Jumatatu na Jumanne zinazotangulia Jumatano ya Majivu, mji huo unasimama kwa ajili ya karnavali. Maelfu ya watu wanacheza barabarani nyuma ya magari yenye muziki. Lakini makundi makubwa yanazungushiwa kamba ndefu, inayoshikwa na walinzi wanaotembea pamoja nao. Ndani ya kamba wamo waliolipa. Nje ya kamba wako wenye mtaa, wanaangalia.

Habari hiyo inatuhusu kuliko tunavyofikiri. Karnavali ya Trinidad ilijengwa na watu waliotolewa Afrika kwa nguvu, pamoja na wajukuu wao, na baadhi yao walitoka katika eneo la Kongo. Waliijenga kwa sababu walikuwa wamefungiwa nje ya sherehe za matajiri. Leo wengi wao wanafungiwa nje tena, na safari hii hakuna bwana mwenye fimbo. Wanazuiwa na bei.

Sherehe ya waliofungiwa nje

Mwisho wa karne ya 18, baada ya Hispania kufungua kisiwa kwa wageni Wakatoliki mwaka 1783, mabwana wa mashamba Wafaransa walifika Trinidad pamoja na watumwa wao. Kabla ya Kwaresima walifanya karamu za kuvaa vinyago majumbani mwao. Watumwa hawakualikwa.

Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza mwaka 1834, na kwisha kabisa mwaka 1838, walioachwa huru walichukua barabara. Walibeba mienge, wakapiga ngoma na kucheza mchezo wa fimbo. Waliita maandamano hayo Canboulay, jina linalotoka katika maneno ya Kifaransa yenye maana ya miwa iliyoungua. Zamani, moto ulipowaka shambani, walisukumwa usiku kwenda kuuzima. Sasa waliwasha mienge yao wenyewe, kwa furaha yao wenyewe.

Miaka iliyofuata, Waingereza waliteremsha kisiwani Waafrika wengine waliokamatwa ndani ya merikebu za biashara ya watumwa. Kati yao walikuwemo watu wa Kongo. Nyimbo, ngoma na imani zao ziliingia katika maisha ya kisiwa. Mpaka leo, jina la Kongo linaishi katika sikukuu za upande ule wa dunia: huko Barranquilla, Kolombia, kuna kundi la ngoma liitwalo Congo Grande lililoanzishwa mwaka 1875, na huko Panama, sherehe za utamaduni wa Kongo ziliandikwa na UNESCO mwaka 2018 katika orodha ya urithi wa binadamu. Rumba yetu iliandikwa katika orodha hiyohiyo mwaka 2021.

Serikali ya kikoloni haikufurahia mienge ile. Mwaka 1881, polisi wa Port of Spain walijaribu kuizima kwa nguvu, na watu wakapigana nao barabarani. Mwaka 1884 sheria ikabana ngoma na mienge. Watu wakakata mianzi na kuipiga chini ili itoe mlio. Baadaye wakapiga makopo ya biskuti, vifuniko vya vyuma, na mwishowe mapipa ya mafuta. Trinidad ni nchi ya petroli, mapipa hayakukosekana. Vijana wa mitaa maskini waliyachoma, wakayagonga kwa nyundo mpaka kila kibonyeo kikatoa noti yake. Ndivyo ilivyozaliwa ala iitwayo steelpan, ambayo leo Umoja wa Mataifa umeitengea siku yake, tarehe 11 Agosti.

Fedha iliingiaje?

Ingekuwa rahisi kusema kwamba fedha iliharibu kila kitu. Sivyo ilivyokuwa.

Miaka ya 1940 na 1950, vikundi vya steelpan viliogopwa. Vilipigana mitaani, na wazazi waliwakataza watoto wao kuvikaribia. Makampuni yalipoanza kuvifadhili, vijana walipata ala nzuri, sare na safari za nje. Majina yakabadilika pia: kikundi cha Invaders kikawa Shell Invaders kwa ajili ya kampuni ya mafuta, na North Stars wakabeba jina la kampuni ya ndege ya Pan Am. Kijana aliyekuwa akifukuzwa na polisi kwa ajili ya pipa lake akawa mwanamuziki anayeheshimiwa.

Mabadiliko makubwa zaidi yamekuja kwenye mavazi. Zamani, mtu wa karnavali alitengeneza vazi lake mwenyewe au alilishona pamoja na jirani zake, katika nyumba ambako watu walipinda waya, walibandika karatasi na kusimuliana hadithi hadi usiku. Vazi lilikuwa na maneno ya kusema. Dame Lorraine, kwa mfano, alimcheka bibi wa shamba kwa kujaza nguo matako na matiti makubwa. Moko Jumbie alitembea juu ya miti mirefu, mchezo ambao asili yake ni Afrika Magharibi. Hata mwaka 1983, msanii Peter Minshall aliteremsha barabarani kundi zima lililoitwa River, kuonyesha jinsi tamaa inavyochafua mto wa watu.

Siku hizi kundi kubwa linauza zaidi chupi na sidiria zenye shanga, pamoja na manyoya mgongoni. Mengi ya mavazi hayo, au vipande vyake, yanatoka China. Mteja anachagua kwenye intaneti na analipa kabla ya kupanda ndege. Bei inafika mamia ya dola, na vazi la mstari wa mbele linaweza kupita dola 1,000. Ndani ya bei hiyo mna chakula, vinywaji, choo cha kusukumwa kwa gari, walinzi, na ile kamba.

Faida ipo. Hoteli zinajaa, madereva wanapata kazi, wauza chakula wanapata wateja, na serikali inapata dola za wageni. Lakini mshonaji wa mtaani amepoteza sehemu kubwa ya kazi yake, na pamoja naye umepotea ujuzi wa kupinda waya ambao hakuna kiwanda kinachoweza kuutuma ndani ya kontena. Tena, mtu wa Port of Spain anayelipwa kwa pesa ya nchi yake anashindana kwa nafasi na ndugu yake anayelipwa kwa dola huko New York.

Karnavali ilivyosafiri

Wana wa Karibea waliohamia nchi za mbali walibeba karnavali yao. Mjini London, baada ya Wazungu kuwashambulia watu weusi mwaka 1958, mwandishi wa habari Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad, aliandaa karnavali ndani ya ukumbi mwezi Januari 1959, ili watu wake wainue vichwa. Tangu 1966 mtaa wa Notting Hill una karnavali yake ya barabarani, ambayo leo inakusanya zaidi ya watu milioni moja. Brooklyn, Marekani, nako wanacheza kila mwezi Septemba.

Toronto, Kanada, inatoa fundisho la pekee. Karnavali ya huko ilianza mwaka 1967 ikiitwa Caribana. Baadaye waandaaji wa zamani na waandaaji wapya waligombana, wakafikishana mahakamani kwa ajili ya jina. Mwaka 2011 waandaaji wapya walilazimika kuliacha, na sherehe ikabeba jina la benki iliyokuwa ikiifadhili, Scotiabank. Watu waliendelea kusema Caribana midomoni mwao, lakini kwenye mabango lilisomeka jina la benki.

Libanga yetu, kitenge chetu

Mkongomani hawezi kushangaa sana. Sisi tunaijua libanga. Ukisikiliza wimbo wa bendi ya Kinshasa, unasikia majina ya watu waliolipa ili watajwe, mpaka wakati mwingine unasahau wimbo wenyewe unahusu nini. Miaka ya 2000, wanamuziki wakubwa waligawanyika kati ya Bralima na Bracongo, kila kampuni ya pombe na nyota yake. Wasanii walipata vyombo na mishahara. Wasikilizaji walipata tamasha za bure uwanjani. Lakini ugomvi wa bia uligeuka ugomvi wa muziki.

Kuna pia kitenge cha tarehe 8 Machi. Kikundi cha akina mama kinachagua kitambaa kimoja ili kupita mbele ya wakubwa katika maandamano. Ni jambo zuri kuona rangi moja barabarani. Lakini mama asiyeweza kununua anabaki kando, na siku yake inapita huku akiwaangalia wenzake. Hakuna aliyemfungia kamba, lakini kamba ipo.

Goma ilijaribu njia nyingine. Tamasha la Amani lilianza Februari 2014 katika uwanja wa Collège Mwanga, baada ya kuahirishwa mwaka 2013 kwa sababu ya vita. Wafadhili walikuwepo na mabango yao yalionekana, kwa sababu jukwaa kubwa na wasanii wa nje haviji bure. Hata hivyo, tikiti iliwekwa karibu dola moja. Mwendesha pikipiki aliweza kuingia na kusimama karibu na mkubwa wa shirika. Vijana wa kujitolea walifanya kazi kwa mamia, na wasanii wa Goma walipanda kwenye jukwaa lilelile la wageni.

Tusijidanganye, lakini, kwamba sikukuu kubwa inaweza kuishi kwa moyo peke yake. Huko Zanzibar, Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004 na kujulikana dunia nzima, halikufanyika mwaka 2016. Sababu haikuwa vita wala ugonjwa: fedha zilikosekana. Lilirudi mwaka uliofuata.

Amani itakaporudi

Shasha iko kando ya ziwa Kivu, katika kundi la Kamuronza, usultani wa Bahunde. Mwanzoni mwa Februari 2024, mapigano kati ya M23 na jeshi la serikali yalifika hapa, na njia ya kwenda Minova ikakatika. Familia nyingi za eneo la Sake zilikimbilia kambi za karibu na Goma kama Bulengo. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma, na Februari kambi hizo zikavunjwa. Katika safari zote hizo, watu walibeba masufuria, magodoro na watoto. Ngoma ni kitu kizito. Si kila nyumba iliyoweza kubeba yake.

Ndiyo maana swali la karnavali si la anasa. Siku amani itakaporudi, watu watataka kucheza. Patakuwa na ndoa zilizosubiri, matanga yaliyokosa kumalizwa, mavuno ya kwanza baada ya njaa. Na siku hiyo wenye fedha nao watakuja: kampuni za simu, za pombe, mashirika, wanasiasa wanaotafuta kura. Watakuja na hema, vipaza sauti na fulana zenye majina yao. Ni vigumu mtu aliyepoteza kila kitu kukataa fulana.

Hakuna sababu ya kuwafukuza. Historia ya Trinidad inaonyesha kwamba mfadhili anaweza kumtoa kijana mtaani na kumpa heshima. Lakini wenye sikukuu wanapaswa kukaa mezani kabla bango halijapandishwa, na kukubaliana mambo machache. Jina la sikukuu libaki la wenyewe. Nguo zishonwe na mafundi wa Sake na Minova, zisiagizwe zikiwa tayari. Wazee wanaojua nyimbo walipwe kama anavyolipwa msanii wa kutoka Kinshasa. Na pabaki sehemu ya uwanja ambako mtu anaingia bila kuulizwa chochote.

Huko Port of Spain, wapo ambao hawajasahau. Kila Ijumaa ya karnavali, kabla ya jua kuchomoza, watu wanakusanyika kuigiza upya mapigano ya mwaka 1881, kwa fimbo, nyimbo na ngoma. Na alfajiri ya Jumatatu, katika J'ouvert, bado kuna watu wanaojipaka matope na kushuka barabarani kwa nguo zilizochakaa. Matope hayaagizwi China. Anayeyataka anainama na kuyachota.