Nati ndani ya plaiwudi: faida inaanzia kwenye tundu

TANGA – Kwa seremala wa Ngamiani anayeuza hadi Pemba, kitanda kinachofunguka ni hesabu ya nauli. Vipande vilivyolazwa bapa hula nafasi ndogo kuliko kitanda kizima. Tatizo ni skrubu: ikifunguliwa na kufungwa mara kadhaa, tundu la plaiwudi hulika na kitanda huanza kulia. Mteja harudi, au anarudi kudai.

Dawa yake ni nati ya kuzamisha, yenye hesi nje na ndani. Ya nje hung’ata ubao, ya ndani hupokea bolti, na bolti hufunguliwa mara nyingi bila ubao kuguswa. Kitanda chenye pembe 4 na bolti 2 kila pembe kinahitaji nati 8, gharama ambayo fundi aipime na nauli anayookoa.

Hasara hutokea kwenye kutoboa. Tundu lifuate kiini cha nati, siyo ncha za hesi zake. Likiwa dogo, matabaka huachana. Likiwa kubwa, nati huzunguka bure. Nati za ukubwa mmoja hutofautiana kiini kwa mtengenezaji na mtengenezaji, kwa hiyo ipimwe kwanza na kujaribiwa kwenye kipande cha taka. Mdomo wa tundu upanuliwe kidogo ili tabaka la juu lisinyanyuke. Kwenye ubao wa milimita 18, nati ya milimita 13 inatosha.

Bisibisi huvunja nati laini na kuipeleka upande. Afadhali bolti yenye nati mbili zilizokazwa pamoja, izungushwe kwa spana taratibu, ikiwa wima. Ukingo wa ubao ndio dhaifu zaidi: ubanwe kwenye jiliwa kabla ya kutobolewa. Panapovutwa kwa nguvu, nati ya meno inayopigwa kutoka upande wa nyuma hushika zaidi, maana bolti huivutia ndani ya ubao. Karibu na bahari, shaba nyeupe au ya njano haishiki kutu kama chuma kitupu.

Mwenye duka la vifaa naye achunge. Bolti ya M6 na ya robo inchi hufanana machoni, lakini ya kwanza ina milimita 6 na ya pili 6.35, na hatua za hesi hazilingani. M6 ikiingizwa kwenye nati ya robo inchi hucheza, kisha hula hesi. Nati na bolti yake ziuzwe kwenye mfuko mmoja, pamoja na biti ya kipimo chake.