Maji ya Kaliua Huchemka kwa Nyuzi Ngapi?

Kitabu cha sayansi kinasema kwamba maji huchemka kwa nyuzijoto 100 za Selsiasi. Mwanafunzi wa Kaliua akiinjika sufuria, akatumbukiza kipimajoto kizima na kungoja hadi maji yatokote, ataona kipimo kikipanda mpaka kwenye nyuzi 96 au 97, kisha kikagoma. Aongeze kuni, angoje robo saa nyingine, hakipandi tena. Hapo ndipo somo la sayansi linapoanza, au linapofia. Mara nyingi linafia: mwanafunzi huandika 100 katika daftari kwa kuwa ndiyo namba inayotakiwa, mwalimu huweka alama ya vema, na wote wawili huingia mada inayofuata. Wanafunzi wenyewe wana jina la tendo hilo. Huliita “kupika data”.

Sisi wazazi tusilidharau tendo hilo kwa udogo wake. Mtoto aliyezoezwa kuikana namba aliyoisoma kwa macho yake amefundishwa mambo mawili kwa mkupuo mmoja: kwamba sayansi ni kukubali kilichokwisha kuandikwa, na kwamba uongo mdogo huzawadiwa.

Mwalimu anayefundisha kwa njia ya udadisi hufanya kinyume chake. Huiacha ile 96 ibaki ubaoni na kuliuliza darasa: kosa ni la nani, la maji, la kipimajoto, au la kitabu? Kila mtuhumiwa anaweza kuhojiwa. Kipimajoto hutumbukizwa katika barafu inayoyeyuka. Kikisoma sifuri, nacho kimeachiliwa huru. Maji ya kisima hubadilishwa kwa maji ya mvua. Jibu likibaki lile lile, maji nayo yametoka. Anayebaki ni mahali penyewe. Kaliua ipo juu ya uwanda wa Unyamwezi, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kadiri tunavyopanda ndivyo hewa iliyo juu yetu inavyopungua, na mgandamizo wake juu ya maji hupungua pia, hata mvuke ukapata njia ya kutoka mapema. Kwa makadirio, kila mita 300 za kupanda huondoa nyuzi moja. Kitabu hakikukosea; kilizungumzia pwani.

Jambo hili lina historia katika njia hii hii ya misafara. Richard Burton na John Speke walipofika Tabora mwezi Novemba 1857 wakielekea Ujiji, walikuwa wakikadiria kimo cha nchi kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto. Sufuria ilikuwa kipimio cha milima. Wanafunzi wetu wanaweza kuirudia kazi hiyo leo bila kubeba mzigo begani, na ni hapo ninapoona nafasi ya kweli ya teknolojia.

Chukua simu ya mwalimu mmoja. Kwa ujumbe mfupi anaweza kupatana na wenzake wa Bagamoyo, Morogoro, Dodoma na Kigoma wachemshe maji siku moja, na kila shule itume picha ya kipimajoto chake. Bagamoyo wataleta karibu 100, Morogoro mjini karibu 98, Dodoma karibu sawa na sisi. Kigoma, kwa kuwa iko chini yetu kando ya Ziwa Tanganyika, itapanda kidogo na kufika karibu 97 na nusu. Wanafunzi wakizipanga namba hizo kwenye grafu, nchi yote kutoka pwani hadi ziwani itajichora mbele yao. Baadhi ya simu zina kihisi cha mgandamizo wa hewa, na programu ya bure ya phyphox, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha RWTH Aachen nchini Ujerumani, huweza kukisoma. Kaliua kingeonyesha karibu hektopaskali 890, badala ya zile 1,013 za pwani. Simu nyingi za bei nafuu hazina kihisi hicho. Si hasara kubwa, kwani sufuria inatosha.

Lipo pia jambo ambalo sufuria haiwezi kulionyesha: molekuli zenyewe. Mradi wa PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado, hutoa maigizo ya kompyuta bila malipo, na mengi yake huweza kupakuliwa na kutumika pasipo intaneti. Katika igizo la hali za maada, mwanafunzi hubana au hulegeza kifuniko na kuona chembe zinavyoitikia. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022, ambavyo baadaye vilikabidhiwa kwa walimu, vinaweza kufanya kazi hii badala ya kulala kabatini.

Hata hivyo utaratibu wake una uzito. Igizo likitangulia jaribio, mtoto huiona picha na kudhani ameuona ulimwengu. Na akiruhusiwa kuiuliza simu kabla ya kuwasha moto, atapata jibu sahihi kwa sekunde tatu, wala hatajua kwamba kulikuwa na swali. Ningependa simu ibaki mfukoni hadi darasa liwe limekwisha kubishana.

Tuna mfano wa nyumbani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba huko Lushoto, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye jokofu yakiwa bado moto, kwa hofu ya kukosa nafasi. Yaliganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa baridi. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Hakunyamaza, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, aliyekuwa amewatembelea. Wenzake walicheka. Osborne alikwenda akalijaribu, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo, na wapo wanaokana kabisa kwamba linatokea. Mpemba hakuwa na kifaa chochote cha pekee zaidi ya jokofu la shule.

Swali lake, ikumbukwe, ni jepesi kuulizwa kwa Kiswahili. Mtoto wetu aingiapo sekondari na masomo kugeuka kuwa ya Kiingereza, wengi hunyamaza kwa kukosa maneno, si kwa kukosa fikra. Mwalimu anayetaka udadisi aruhusu mabishano ya kundi yafanyike kwa lugha ambayo watoto hubishania nyumbani, kisha ripoti iandikwe kwa lugha ya mtihani.

Kwa shule itakayopenda kuanza: ncha ya kipimajoto isiguse kitako cha sufuria, maana itasoma joto la chuma, picha ipigwe maji yakiwa yametokota kwa dakika tano, na namba iandikwe kama ilivyosomeka.