Gunia la Tatu la Mbolea

Mkulima akitia gunia moja la mbolea ya dukani katika eka yake ya mahindi, kisha akaona mavuno yamezidi sana, hudhani ya kuwa magunia matatu yatamletea ziada mara tatu. Sivyo. Huko Rothamsted, Uingereza, Bwana Lawes na Bwana Gilbert walianza mwaka 1843 kuipima ngano katika shamba liitwalo Broadbalk, na kazi hiyo ingali ikiendelea hata leo. Ilionekana ya kwamba kipimo cha kwanza cha naitrojeni huongeza nafaka nyingi, cha pili huongeza pungufu ya hapo, na cha tatu kidogo mno. Sababu si ngumu: mmea ukishashiba naitrojeni, huanza kukosa kitu kingine, pengine maji, pengine fosforasi.

Lakini bei ya gunia la tatu haipungui! Likileta mahindi yasiyofikia bei hiyo, mkulima amefukia karo ya mtoto ardhini. Afadhali alijaribu kwanza katika mistari michache, apime mavuno debe kwa debe, ndipo aende dukani.