Meza ya Bahati: kamari, kazino na nyumba ya mkristo

Maandiko ya kusoma nyumbani: Isaya 65:11-14, Mezali 13:11, Waefeso 4:28, 1 Timoteo 6:6-10



Kuna swali ambalo vijana wetu, hata wazee wa kanisa, wanauliza mara nyingi: "Mchungaji, nikicheza pari kwa feza yangu mwenyewe, sikuiba, sikumwua mtu, zambi iko wapi?" Ni swali zuri, na haifai kulijibu kwa makelele tu. Wengi wanaocheza hawajui mchezo wenyewe umetengenezwa namna gani. Kwa hiyo leo tutafungua kwanza hesabu ya mchezo, kisha tutafungua Biblia, na mwisho tutaangalia njia ya kutoka.

1. Nyuso nyingi, mwili mmoja

Katika mji wetu wa Lubumbashi kamari ina nyuso nyingi. Kuna kazino zenye taa na hewa ya baridi, ambako wenye dola wanakaa kwenye meza za ruleti na pokeri. Kuna vibanda vya pari ya mpira huko Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi, ambako kijana anajaza tike ya mechi za Ulaya. Kuna mashini ndogo kwenye buvette na kando ya duka, na mtoto wa shule anaweza kusimama mbele yake. Na sasa kuna telefone: baba anatia feza kwa Mobile Money, anacheza usiku chini ya blanketi, na bibi yake analala pembeni bila kujua kitu.

Nguo ni mbalimbali, lakini mwili ni mmoja. Watu wengi wanaweka feza, mwenye nyumba anakata fungu lake, na kinachobaki wanapewa wachache.

2. Mwenye nyumba anakula namna gani

Wengine wanawaza kwamba kazino inashinda kwa uchawi ao kwa wizi. Haina lazima. Hesabu inatosha.

Gurudumu la ruleti ya Ulaya lina namba 37: kuanzia 1 mpaka 36, pamoja na sifuri. Ukiweka franka 1,000 kwenye namba moja na ikatoka, unalipwa 35,000 na kurudishiwa 1,000 yako. Sasa tuseme wewe ni mwerevu sana, unaweka 1,000 kwenye kila namba, zote 37. Umetoa franka 37,000. Lazima moja itoke, na inatoka. Unapokea 36,000. Umeshinda, na umepoteza 1,000! Hilo ndilo fungu la mwenye nyumba, karibu 2.7 kwa mia, kila mara gurudumu linapozunguka. Linaonekana dogo, lakini gurudumu halichoki.

Pari ya mpira nayo ina hesabu yake. Mechi moja ina matokeo matatu: hawa washinde, wale washinde, ao wawe sawa. Tike ya mechi 5 ina njia 243 za kutoka. Tike ya mechi 10 ina njia 59,049. Ni kweli kwamba timu hazilingani nguvu, na anayejua mpira anaweza kupunguza njia zile. Lakini mwenye kibanda pia anajua mpira. Bei anazoandika zimekwisha kukata fungu lake kwenye kila mechi, na kadiri unavyoongeza mechi kwenye tike moja, ndivyo fungu lile linavyozidishwa.

Pokeri ni tofauti kidogo, na tuseme ukweli: ndani yake kuna ujuzi. Mchezaji hashindani na kazino, anashindana na wenzake wa meza. Lakini fikiri watu 10, kila mmoja amekuja na dola 100. Mezani kuna dola 1,000. Kazino inakata kidogo kwenye kila mchezo ao kwa kila saa, kwa hiyo asubuhi zile 1,000 haziwezi kuwa nzima. Na zile anazobeba mjuzi zimetoka katika mifuko ya wasiojua. Meza ile haijalima, haijachimba shaba, haijashona hata shati moja.

Mwaka 2003, huko Las Vegas, mhasibu mmoja Mmarekani anayeitwa Chris Moneymaker alishinda mashindano makubwa ya pokeri na kubeba dola 2,500,000. Alikuwa ameingia kwa njia ya mchezo mdogo wa intaneti. Habari yake ilizunguka dunia, na watu wengi wakaanza kucheza pokeri kwa intaneti. Lakini mashindano yale yaliingiwa na watu 839, na waliolipwa walikuwa 63. Wengine 776 walirudi mikono mitupu. Nani anajua majina yao? Kamari inatangaza ushuhuda wa mmoja na kufunika kilio cha mamia.

Na kazino yenye sifa kuliko zote, ile ya Monte Carlo, iko katika inchi ndogo ya Monaco tangu karne ya 19. Feza ya kamari ilisaidia sana kujenga inchi ile. Lakini wenyeji wa Monaco wenyewe wamekatazwa kucheza ndani yake. Mpishi akikataza watoto wake kula chakula anachouzia wageni, wewe mgeni utakula?

3. Moyo unafungwa namna gani

Tarehe 18 mwezi wa 8 mwaka 1913, kwenye meza moja ya ruleti huko Monte Carlo, rangi nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo. Watu waliendelea kuweka feza nyingi kwenye nyekundu, wakisema sasa lazima itoke. Walipoteza mali kubwa. Gurudumu halina kumbukumbu. Halijui kwamba umekwisha kupoteza mara 20, na halina deni kwako. Yule anayesema "leo zamu yangu imefika" anaongea na chuma.

Pia kuna ujanja wa kukosa kidogo. Tike inakufa kwa mechi moja, mashini inasimama alama moja kando. Mchezaji anasema, "Nilikuwa karibu." Kukosa kidogo ni kukosa, lakini moyo unakupokea kama ahadi. Mtaalamu Mmarekani B. F. Skinner aliona jambo hilo kwa njiwa: njiwa aliyepewa chakula mara moja moja, bila kujua ni lini, aliendelea kudonoa kwa nguvu na kwa muda mrefu, hata chakula kilipokatwa. Mashini za kamari zinalipa namna ile ile.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linahesabu utumwa wa kamari kuwa ugonjwa. Katika orodha yake mpya, iliyoanza kutumika tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2022, umewekwa katika fungu moja na utumwa wa pombe na wa madawa ya kulevya. Basi tusimcheke ndugu aliyefungwa. Na inchi nyingine zimeanza kuona hatari. Inchi ya Kenya, katikati ya mwaka 2019, ilikataa kurudisha leseni za kampuni 27 za pari. Uganda, mwanzoni mwa mwaka ule ule, ilitangaza kwamba haitatoa tena leseni mpya za pari ya michezo.

4. Neno la Mungu linasema nini

Wengine wanajitetea: "Hata mitume walipiga kura." Ndiyo, katika Matendo 1 kura ilimwangukia Matiasi. Lakini angalia: hakuna aliyeweka feza, hakuna aliyepoteza, na walitanguliza maombi ili Bwana achague mtumishi. Matiasi alipata kazi, hakupata faida.

Kura inayofanana na kamari iko pahali pengine, katika Yohana 19. Asikari wanne walipigia kura vazi la Yesu chini ya msalaba. Damu inamwagika juu ya vichwa vyao, na wao macho yako kwenye nguo. Kamari inafanya vile mpaka leo: mtu anahesabu faida yake karibu na maumivu ya mwingine, na hainui macho.

Isaya 65:11 inawakemea watu waliomwacha Bwana na kuandaa meza kwa ajili ya mungu aliyeitwa Bahati. Sikia vizuri: walimtandikia Bahati meza. Anayempelekea Bahati feza ya minerval na feza ya unga, huku akingojea neno lake usiku kucha, ameandaa meza ile.

Na Paulo katika Waefeso 4:28 anapanga mambo matatu: mikono itumike, kazi iwe njema, na kitakachopatikana kimsaidie mhitaji. Kamari inageuza yote matatu. Mikono inakaa, kazi haipo, na mhitaji ndiye anayenyang'anywa. Ukishinda, umelipwa na nani? Na kijana wa karieri aliyepoteza mshahara wake. Na mama aliyeweka feza ya biashara yake ya mkaa. Hukumwona kwa uso, lakini umebeba chakula cha watoto wake. Ndugu, zambi uliyokuwa unaiuliza iko pale. Serkali inaweza kuruhusu, na taifa letu lina shirika lake la bahati nasibu, SONAL. Lakini ruhusa ya serkali haifuti amri ya kumpenda jirani.

5. Kanisa nalo lijichunguze

Wazee wanakumbuka mwaka 1991, wakati wa Mobutu, huko Kinshasa. Bindo Promotion iliahidi kurudishia watu feza yao ikiwa imezidishwa mara nyingi kwa muda mfupi. Wale wa kwanza walilipwa kwa feza ya wale wa nyuma, na wakaruka kwa furaha. Kisha ikaanguka, na akiba za jamaa nyingi zikapotea. Kati ya waliolia walikuwako pia waombaji.

Basi tuseme bila kuogopana: mhubiri anayesimama na kusema "leta dola 100 leo, kesho Mungu atakupa 1,000" anafundisha pari ndani ya nyumba ya Mungu. Kijana anayesikia vile kila juma, akipita mbele ya kibanda atashangaa nini? Ni mahubiri yale yale, mlango mwingine tu. Kupanda na kuvuna ni neno la kweli la Biblia, lakini mkulima anajua maana yake: jembe, mvua, kupalilia, miezi ya kungoja. Aliyepanda mahindi mwezi wa 11 hatafuti bukari mwezi wa 12. Wachungaji wenzangu, tusiombee tike, na tusipokee fungu la kumi la ushindi wa kamari kwa vigelegele.

6. Njia ya kutoka

Kwanza, sema. Tafuta mtu mmoja anayemcha Mungu na umwambie yote, pamoja na madeni, kama Yakobo 5:16 inavyofundisha. Siri ndiyo chakula cha kamari.

Pili, usijaribu kurudisha feza iliyopotea kwa kucheza tena. Iliyokwenda imekwenda. Andika madeni yote, uwaendee wenye kukudai, uombe kulipa kidogo kidogo.

Tatu, feza isikae mkononi mwako kwa muda. Mshahara ukiingia, bibi, mama ao ndugu mwaminifu aupokee siku ile ile: nyumba, unga, minerval. Futa programu za pari katika telefone. Feza kidogo inayobaki iingie katika likelemba ya watu mnaojuana, ambako zamu yako inakuja kweli, na hakuna anayelia ili wewe ucheke.

Nne, jamaa na kanisa wawe karibu. Maombi na mfungo ni silaha, lakini usimwombee mtu usiku na kumrudishia telefone ile ile asubuhi. Kama anashika hazina ya kanisa, mpumzisheni kwa upendo, bila kutaja jina lake kwenye mimbari. Kama hapati usingizi ao anasema afazali kufa, msimwache peke yake hata usiku mmoja. Mpelekeni kwa daktari, nanyi mwendelee kuomba.

Petro alitumika usiku kucha na hakupata kitu, na Bwana hakumwonyesha mchezo wa bahati. Alimrudisha kwenye wavu na kwenye maji, na pale akambariki. Juma hili, wewe unayesoma karatasi hii na tike mfukoni, usingoje Siku ya Bwana. Mwite mtu leo, umwambie.

Bwana awabariki na kulinda nyumba zenu.